Mteja Aitwaye T.K.

Binti anayejifunza kushona kwangu ndiye aliyeniumbua. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, asubuhi, ile baridi ya Mbeya ya kushika mkasi ukahisi vidole ni vya mtu mwingine. Mimi napepea pasi ya mkaa, yeye anapekua daftari la vipimo akitafuta gauni la mama mmoja wa kwaya.

"Mama, huyu T.K. ni nani?"

Nikajifanya sijasikia.

"Hana kiuno, hana mabega, hana urefu. Ameandikwa robo tatu inchi tu. Wiki inayofuata robo tatu tena. Hapa inchi kasoro. Unamshonea nini?"

Nikamwambia ni vifungo. Kuna mteja msumbufu, nikasema, anataka vifungo vya saizi yake mwenyewe. Akacheka, akafunua ukurasa mwingine, akamkuta na K.K.

T.K. ni taya, kulia. K.K. ni kwapa, kushoto.

Mteja msumbufu nilikuwa mimi.

## Harage, kisha gololi

La taya nililikuta Aprili nikinawa uso. Harage moja dogo, limekaa chini ya mfupa, linateleza ukiligusa. La kwapa lilikuja wiki tatu baadaye, au labda lilikuwepo siku zote na mimi ndiye niliyechelewa kufika: gololi laini, kubwa kuliko lile la taya. Halikuuma. Kutouma kwenyewe ndiko kulikonitisha, maana nimekulia kwenye nyumba ambayo shangazi alikaa na uvimbe wa titi zaidi ya mwaka akisema, "Hauumi, utakuwa wa kawaida tu," anaufunika kwa kanga mbili, mpaka kanga zilipoanza kulowa.

Shangazi aliteremka mlima Kitonga kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mara nne. Ya tano hakwenda.

Kwa hiyo mimi hadithi niliijua kuanzia mwisho wake. Kila jioni nikishafunga mlango najificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mbele ya kile kioo kirefu cha wateja, nachukua futi kamba. Halafu naandika. Herufi mbili, namba moja.

Fundi yeyote atakuambia futi haina shida, shida ni mkono unaoivuta. Mteja akibana pumzi, kiuno kinapungua inchi mbili. Mwambie aachie, kinarudi. Nami nilijipima hivyo hivyo. Siku niliyoamka na matumaini nilikaza futi, siku ya hofu nikailegeza, kisha nikaangalia namba kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Na bado kuna vidole. Nilikishika kile kiharage nikiwa kwenye daladala, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri chenji. Baadaye daktari aliniambia kitu ambacho fundi alipaswa kukijua bila kuambiwa: tezi ukiiminyaminya mara kumi kwa siku itauma na kuvimba kwa sababu tu imeminywa. Ilipouma, mimi nikaandika: *inauma sasa*.

## Mparachichi wa jirani

Pumzi yenyewe ilianza kuondoka kimyakimya. Nakaa upande wa Loleza, kule njia inapopanda bila huruma. Mji wetu uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na wageni wa kutoka Dar huwa tunawacheka wanavyohema. Mimi si mgeni. Kilima kile nimekipanda na ndoo kichwani, nimekipanda na mimba ya miezi minane, nimekipanda na kichwa cha cherehani kwenye beseni.

Mei nikaanza kusimama mara moja, kwenye mparachichi wa jirani. Juni nikawa nasimama mara tatu. Moyo unadunda masikioni kama kuna mtu anatwanga kisamvu nyumba ya pili. Ili watu wasiulize, nikajifunza kuinama na kufunga mkanda wa sendo. Mkanda haukuwa umefunguka. Nilikuwa naufungua ili niufunge.

Sababu hazikuniishia. Ni baridi. Ni vumbi. Ni umri, nina miaka 41. Ni jiko la mkaa tunaloingiza chumbani Juni na Julai. (Kwa hilo la jiko wala sikukosea sana. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na watu wamelala nayo milango imefungwa wasiamke. La kwetu siku hizi linalala nje, hata kuwe na umande wa namna gani.)

Halafu usiku mmoja nikaviunganisha.

Vimbe mbili, pumzi moja. Fundi akiona vipande vya kitambaa vimekaa karibu karibu, mkono wenyewe unatafuta sindano. Kabla hakujakucha ilikuwa nguo iliyokamilika: umeanzia kwapani, umepanda shingoni, sasa umeingia kwenye mapafu. Mshono umenyooka, pindo limekaa. Sikuacha hata uzi wa kuning'inia.

## Swali lililokuwa ndani ya uvimbe

Kuna atakayeuliza kwa nini sikwenda hospitali. Nilikwenda, kwenye zahanati moja. Nikapewa vidonge vya siku tano bila hata kuguswa shingo. T.K. akapungua kidogo, akarudi. Nikaihesabu hiyo kuwa ushahidi.

Lakini zahanati haikuwa sababu. Sababu ilikuwa baba watoto.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Dar na Tunduma, mara nyingine anavuka kwenda Zambia. Anakaa nyumbani siku nne, anatoka kumi na tano. Na kila mtu wa Mbeya wa umri wangu anakumbuka mitoki ilivyosomwa miaka ya tisini. Kipimo kilikuwa hakihitajiki. Ukionekana na tezi shingoni, ukapungua kidogo, mtaa umeshatoa majibu. Mke wa dereva, mtaa humpa majibu hata tezi hazijatoka.

Hivyo kumwambia "nina uvimbe" kulikuwa ni kumuuliza swali. Swali hilo sikutaka kumuuliza kwa simu, yuko kwenye foleni ya mpakani, wenzake wamekaa pembeni wanakunywa chai.

Nilijiambia namhurumia. Anaendesha gari usiku, asije akapata mawazo barabarani. Ni uongo mzuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeshamhukumu. Mtu niliyeishi naye miaka 17, ambaye hajawahi kunipa sababu, nimemfungulia kesi, nimesikiliza ushahidi, nimetoa hukumu, yeye yuko Makambako anabadilisha tairi.

Kwa harage moja.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni wiki zote hizi, kuliko hata K.K. Ndilo linaloniandikisha.

## Harufu ya moshi

Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006, mama yangu alipoteza meza nzima ya vitenge. Hakuungua hata unywele. Ila kwa miaka mingi baada ya hapo alikuwa anaamka usiku. "Nasikia harufu ya moshi." Baba anachukua tochi, anazunguka nyumba, anarudi: hakuna. Mama anajilaza dakika kumi, anaamka tena. Sisi wanawe tulimcheka, Mungu atusamehe.

Mwaka huu nimemuelewa. Kwenye saa saba, saa nane za usiku, nimelala, sijanyanyua hata kikombe, pumzi inakatika. Navuta hewa haishuki. Vidole vinapata ganzi, midomo inachezacheza, kifua kimefungwa kamba. Ningekuwa naigiza ningejua. Moshi ulikuwa moshi.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai nilishindwa, nikampigia. Alikuwa Tunduma.

"Nina uvimbe," nikamwambia. "Shingoni na kwapani. Na pumzi inanikata."

Akanyamaza. Nikawa nasikia injini za watu.

"Ya pumzi naijua," akasema. "Tangu Mei, kila tukipanda unafunga sendo pale kwenye mparachichi. Ni mkanda gani huo usiokaza?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia."

Nililia hapo, kwa kweli, na katika kulia pumzi ikarudi, jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Akasema nisiende popote peke yangu, anashusha mzigo anarudi. Halafu, kama mtu anayezungumzia spea: "Na kile kipimo kingine tutapima wote wawili."

Hakukitaja jina. Wala mimi sikuwa nimekitaja.

Tulipima. Hatuna, wote wawili. Naliandika kwa ufupi kwa sababu zile dakika ishirini kwenye benchi haziandikiki. Alikuwa ameshika mkoba wangu mapajani kwa mikono miwili, kama mtoto aliyepewa kulinda kitu.

## "Kawaida"

Daktari alikuwa kijana mdogo, wa kumwita mwanangu. Alianza na maswali ya kifua kikuu: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Hapana nne. Akanipapasa shingo, akanipima matiti na makwapa yote mawili, taratibu, bila haraka ya foleni iliyokuwa nje. Akaniambia nifungue mdomo, akagonga gego la chini kulia na kijiko cha chuma. Nusura niruke kitandani.

"Hili lina muda gani?"

"Miaka."

"Tezi ya chini ya taya ni mlinzi wa mdomo," akasema. "Mwizi yumo ndani na wewe unamlaumu mlinzi."

La kwapa alisema linaelekea kuwa uvimbe wa mafuta, lakini kuelekea hakutoshi, tutachoma sindano nyembamba tuchukue chembechembe, kotekote. Nilikuwa nasubiri afike kwenye mapafu. Yeye akanivuta kope la chini.

"Mama, wewe ni mweupe."

Nikacheka. Mimi ni mweusi wa Kyela, mweusi wa kung'aa.

"Ndani ya jicho," akasema. Hakucheka. "Hedhi yako ikoje?"

"Kawaida."

"Kawaida siku ngapi?"

"Nane. Tisa."

"Unabadilisha mara ngapi?"

Nikaanza kueleza: pedi na kitambaa juu yake, usiku kuamka mara mbili, siku hizo kuvaa nguo nyeusi tu, mabonge, kiti cha cherehani nimekiwekea mto wa rangi ya damu ya mzee kwa makusudi. Nilieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Nilipoinua macho, kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Na udongo unakula?"

Sikujua amejuaje. Pemba, udongo wenyewe, lilikuwa kwenye mkoba, ule aliokuwa ameushika mume wangu. Nilianza mwaka jana, kipande kimoja baada ya chakula, baadaye bila chakula, na mchele mbichi nautafuna nikishona. Sisi tunajua hamu hiyo ni ya wajawazito. Daktari akasema mwili ukikosa madini ya chuma unaweza kuanza kutamani vitu visivyo chakula, na udongo wenyewe haukusaidii, unazidi kukuzuilia hicho kidogo unachokula.

Maabara yule dada aliangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Umekuja kwa miguu yako?"

Damu ilikuwa 7.4. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na angalau 12. Eksirei ya kifua ilikuwa safi. Ultrasaundi ya tumbo ikaonyesha vimbe tatu kwenye kizazi, kubwa yao sentimita sita.

Nikacheka tena, yule mtaalamu akadhani nimechanganyikiwa. Lakini hebu fikiria. Nina daftari lenye kurasa za vimbe mbili ambazo hazijanitoa hata tone, na tatu zilizokuwa zinanimwaga miaka yote hazina hata mstari. Sikuziandika kwa sababu mama alitoka hivyohivyo, na bibi, na shangazi. Tulikuwa na jina letu, *wanawake wa damu nyingi*, tukilisema kwa majivuno kidogo, kama watu wanavyosema sisi ni warefu. Hofu yangu yote niliipeleka kwenye kitu kigeni. Kilichokuwa kinanimaliza nilikizoea tangu darasa la saba.

Mume wangu ndiye aliyenifafanulia pumzi, tukiwa kwenye bajaji. "Kumbe mapafu mazima," akasema. "Barabara ipo, mzigo upo. Malori ndiyo machache." Damu ndiyo inayobeba hewa, ikipungua, moyo unakimbizwa ili malori machache yapige safari nyingi. Nimewahi kusomewa hilo kwa maneno marefu zaidi na nikaelewa kidogo.

## Siku 16

Ungedhani baada ya hapo nililala. Majibu ya sindano yalichukua siku 16, na nguo niliyoshona ilikuwa imefumuka upande mmoja tu. Pumzi ilipata sababu yake, ikaondoka kwenye hadithi. Vimbe zikabaki na mkono wangu bado unatafuta uzi. *Labda zote mbili. Labda damu imepungua kwa sababu ya hilo lingine.* Akili iliyozoea kuunganisha hairudi nyumbani kwa sababu umeipa jibu moja.

Mambo mawili yalinisaidia, yote madogo.

La kwanza, nilimwambia binti wangu wa kazi T.K. ni nani. Alikaa kimya, akafungua daftari, akasoma upya vile vipimo vyote kwa kidole. "Kumbe ulikuwa unajishonea," akasema. Kisha akanipokonya futi kamba. Tukakubaliana: mara moja kwa wiki, Jumatatu, apime yeye, mimi nitazame ukutani. Kwa mkono wake T.K. alikuwa nusu inchi. Nusu inchi wiki hiyo, nusu inchi wiki iliyofuata. Ile "inchi kasoro" ya Juni hatukuiona tena.

La pili ni nesi mmoja mtu mzima, aliyenikuta kwenye benchi nimeanza kuhema. Alinishika bega. "Ukihema haraka hivyo, mwanangu, unaitoa hewa chafu kupita kiasi, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi. Wewe unadhani hewa haiingii, kumbe unaitoa mno. Toa polepole." Nikajifunza kuhesabu mishono: minne nikivuta, sita nikitoa. Na nikaanza kuzitofautisha pumzi zangu. Ya kilimani hukatika kwa hatua na kurudi nikisimama. Ya usiku hukatika kwa wazo. Ya kwanza ilihitaji vidonge vya madini ya chuma. Ya pili ilishaanza kupona ile saa nilipompigia mtu wa Tunduma, ingawa hata leo hunitembelea.

Ushauri wa bure niliupata wa kutosha. Rozela, bitiruti, majani ambayo mletaji hakuyajua jina, maombi ya siku tatu (niliyakubali), na mafuta ya kupaka (niliyakataa). Kilichoniuma kuliko vyote ni chai. Daktari alisema nisinywe chai na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Nisubiri saa moja au mbili. Kumwambia mtu aliyekulia karibu na mashamba ya chai ya Rungwe ale ndizi na maharage bila kikombe pembeni! Ninakunywa saa kumi sasa, peke yangu, kama anayefanya dhambi.

Majibu yakaja. K.K. ni mafuta. T.K. ni tezi iliyovimba kwa maambukizi. Hakuna chembe za saratani wala dalili za kifua kikuu kwenye sampuli hii. Gego likang'olewa.

*Kwenye sampuli hii.* Maneno hayo matatu nilitembea nayo wiki nzima. Nilimrudia daktari nikamuuliza, akanijibu bila kunizunguka: kipimo chochote kinasema kilichokiona. Tezi iliyovimba muda mrefu inaweza isirudi kuwa kama zamani. Nije baada ya miezi mitatu. Ikikua, ikiwa ngumu, ikiganda mahali pamoja, au nikianza homa na jasho la usiku, nisisubiri tarehe. Nilitaka aseme "hakuna kitu, nenda." Hakusema. Nilimkasirikia mpaka stendi, kisha nikaona afadhali yeye kuliko zahanati ya vidonge vya siku tano.

## D.

Ni Septemba. Daftari lina mteja mpya, D., naye hana kiuno: 7.4, 8.8, 10.3. Vidonge vinafanya choo cheusi na vinavuruga tumbo, na nimepewa dawa ya kupunguza kutoka damu. Kuhusu zile tatu tunazungumzia upasuaji mwishoni mwa mwaka. Watoe vimbe au watoe kizazi, sijaamua, na sitaki kuamua humu.

Nimempigia dada yangu aliye Makete. Nilimuuliza hedhi yake ikoje. "Kawaida," akasema. Nikamwambia ahesabu siku.

T.K. bado yupo, nusu inchi. Jumatatu anapimwa.

Juzi baba watoto alirudi, tukapanda wote jioni, yeye amebeba mfuko wa mchele. Nilifika kwenye mparachichi nikaupita. Mbele kidogo, kwenye ile kona ya bomba, nikahisi moyo umeanza kutwanga, nikapunguza mwendo, sikusema kitu. Yeye akasimama. Akaweka mfuko chini, akainama, akaanza kushughulika na viatu vyake, muda mrefu, kwa utulivu kabisa.

Alikuwa amevaa makubazi. Hayana cha kufunga.